Sanduku Lisilovuja Mionzi

Leo nimeaibika. Tena nimeaibikia ndani ya bati nililolikata, nikalikunja na kulichomea risasi kwa mikono yangu hii. Naandika jioni hii hii kabla hamjasikia kwa mtu mwingine, maana hapa Ihumwa habari haisubiri ugali uive.

Kesho binti yangu Neema atakipiga kisa hiki kwenye kompyuta ya ofisini kwao na kuwatumia ninyi rafiki zangu mliotawanyika. Nimemkataza kusahihisha. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini nyumba yangu ina madirisha ya vioo na mfukoni nina simu ya mkononi. (Wapo kati yenu waliomaliza la saba na bado wanaazima baiskeli. Siwataji.)

Kwanza mjue leo ilikuwa siku gani. Leo wakwe walikuwa wanatoka Singida kuja kumposa huyo Neema. Walishakuja mara moja, na siku hiyo niliwaacha wakae sebuleni tangu mchana mpaka kuku wakaingia bandani. Nilikuwa hapo hapo nyuma, karakanani, nagonga ndoo. Nilitaka wajue kwamba binti wa fundi Yohana haokotwi njiani. Mkubwa wao, Mzee Mathayo, baba mdogo wa kijana mwenyewe, Elia, akanywa chai vikombe vitatu bila kusema neno, akainuka, akaondoka na watu wake. Baadaye akaleta ujumbe: "Tutakuja mara moja tu. Tusipompata mwenye nyumba, tutajua tumekataliwa, na kijana tutamtafutia kwingine."

Neema alilia siku mbili. Mama yake hakulia, ila mboga yangu ilikosa chumvi wiki nzima.

Basi nikajirekebisha. Nikawapelekea namba yangu. "Mkishuka stendi ya Dodoma, nipigieni. Nitakuja kuwachukua mwenyewe." Nililifurahia sana lile neno, nipigieni. Mtaani kwetu wenye simu ya mkononi ni wawili, mimi na mwalimu mkuu, na ya mwalimu mkuu haina betri.

Saa moja asubuhi nilikuwa nimeshavaa suti. Nimekaa na redio yangu, simu mfukoni upande wa moyo, nangoja. Redioni akaja bwana mmoja mtaalamu. Akasema vyombo hivi visivyo na waya vinatoa mionzi majumbani. Haionekani. Hainuki. Inapita kwenye ukuta. Mtangazaji akamwuliza kama inadhuru, yule bwana akaanza kueleza taratibu, na hapo hapo kuku akaangusha sahani jikoni, kelele zikazuka, nikakosa jibu.

Sikuogopa. Naomba hilo lieleweke. Mimi nilitaka kujua tu. Kitu kinachopita kwenye ukuta wangu, matofali niliyoyachoma mwenyewe, bila kupiga hodi, ni haki yangu kukijua.

Na ushahidi nilikuwa nao siku nyingi. Ninyi wenye simu chunguzeni. Simu ikikaa karibu na redio, kabla haijaita, redio inatangulia kukoroma: trrr-tiki-trrr-tiki-trrr. Ndipo simu inaita. Yaani redio inajua napigiwa kabla sijajua mimi. Mwanzo nilidhani redio ina wivu. Leo asubuhi ndipo nilipoelewa: ile ndiyo mionzi yenyewe inapita.

Nikaenda kwa jirani, Bi Agnesi. Huyu kastaafu, alikuwa hospitali miaka mingi, chumba cha eksirei.

"Bi Agnesi, hujambo?"

"Sijambo, Mzee Yohana. Na suti asubuhi hii, unakwenda kuoa tena?"

"Naozesha. Niambie, kule kwenye picha za mifupa, mionzi mlikuwa mnaikinga na nini?"

"Na risasi. Ukutani mna risasi, na aproni ina risasi."

Risasi. Mimi ninayo kilo tatu karakanani, ndiyo ninayochomelea ndoo.

"Lakini Mzee Yohana," akasema, "mionzi ya eksirei na ya simu si ya aina moja. Ile ina nguvu ya..."

Nilikuwa nimeshafika getini. (Wasomi tatizo lao ni lile neno lakini. Ukilisubiri hufanyi kazi.)

Saa tatu sanduku lilikuwa tayari. Dogo, la kutosha simu, kifuniko kinaingia kwa kubana, pembe zote nimezichomea risasi. Nikalijaza maji, nikaliinua juu, nikahesabu mpaka mia. Hata tone. Ndivyo ninavyopima kazi zangu zote tangu nikiwa kijana natengeneza koroboi za makopo. Chombo kisichovuja maji hakivuji kitu. Nikalikausha, nikaweka simu ndani, nikabana kifuniko, nikaweka redio juu yake, nikakaa kuangalia.

Robo saa. Redio inaimba tu. Hakuna trrr.

Nusu saa. Hakuna hata tiki.

Mke wangu akatoka jikoni na mwiko. "Simu iko wapi?"

"Humu."

"Ndani ya bati?"

"Mionzi haitoki tena, Mama Neema. Sikiliza. Umesikia redio ikikoroma?"

"Sijasikia. Na wakwe wakipiga?"

"Itaita. Bati linapaza sauti kama kengele, tutasikia mpaka relini."

Akaliangalia lile sanduku, akaniangalia mimi. "Saa nne hii. Basi la Singida limeshafika."

"Limechelewa."

"Haya. Mimi naenda kanisani kuazima viti. Wakifika kabla sijarudi, wapokee kama watu."

Akaondoka. Nikabaki na ushindi wangu. Lakini ninyi mnanijua. Ushindi usiopimwa mara mbili mimi siuamini. Nikajiuliza: redio imenyamaza kwa sababu mionzi imezuiwa, au kwa sababu simu haijapigiwa? Nikalifungua sanduku nione. Nilipofungua tu, trrr moja fupi, kisha kimya. Nikajisemea, naam, ilikuwa imefungwa humo, sasa imetoka. (Hapo ndipo mtu mwenye akili angebaki na simu mkononi akisubiri. Mimi nilitaka kuifuata mionzi kule inakokaa.)

Maana kama mionzi inafungiwa ndani, basi aliye ndani pamoja nayo ataisikia. Na ndani ya sanduku lile mimi sienei. Ila uani kulikuwa na kihenge.

Kihenge chenyewe ni cha mke wangu, cha bati, nilimtengenezea mwenyewe. Kinachukua magunia kumi ya uwele. Sasa kilikuwa kitupu, nimekitoa nje kukitilia mlango mpya chini, ule wa kuingilia kufagia. Mlango huo ndio fahari yangu ya mwaka huu. Una komeo la nje linalojifunga lenyewe: ukiusukuma tu, tak, umefungwa. Watu wanasahau kufunga vihenge, panya wanaingia. Kwangu panya hawezi kuingia.

Suala la kutoka sikuwahi kulifikiria. Panya wenyewe hawakuwa wamelileta.

Nikavua koti, nikalitundika kwenye kamba ya nguo hapo kando. Nikaingia kwa magoti, redio mkono huu, simu mkono huu. Mlango ukiwa wazi redio ilikuwa inaimba vizuri. Nikauvuta taratibu. Kadiri mwanga unavyopungua, na wimbo unapungua. Nikauvuta mpaka mwisho.

Tak.

Redio ikazima. Haikukoroma, haikupasuka, ilinyamaza kama mtu aliyewekwa mkono mdomoni. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Shhh tupu. Stesheni nzima, na watangazaji wake, na matangazo ya vifo, yote yamebaki nje ya bati langu.

Jamani, nilifurahi. Nilikaa kwenye vumbi la uwele nikacheka peke yangu gizani. Kwa hiyo nyimbo nazo zinakuja kwa mionzi. Kwa hiyo mionzi imekuwamo nyumbani kwangu tangu nilipouza mbuzi wawili nikanunua redio ya kwanza, na hakuna aliyeniambia. Nikataka nimpigie mtu nimweleze. Nikawasha taa ya simu, nikatazama pale penye vile vijiti vya mtandao.

Hakuna kijiti hata kimoja.

Nikakitazama kile kioo muda mrefu. Kama wimbo hauingii, na sauti ya mpiga simu haiingii. Na kama simu humu ndani ya kihenge haipati kitu, basi kule ndani ya sanduku, tangu saa tatu...

Wakwe.

Nikausukuma mlango. Ukakaa. Nikausukuma kwa bega. Ukakaa. Nikaupiga teke, na pale nikaona, kwa mara ya kwanza nikiwa upande wa mnunuzi, jinsi ninavyofanya kazi nzuri.

Ndipo nikasikia getini: "Hodi, hodi wenyewe."

Naitambua sauti ya Mzee Mathayo. Haisahauliki, ndiyo iliyopiga hodi siku ile kabla ya vikombe vitatu vya kimya.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo palipokuwa na kazi. Nikinyamaza, wanaondoka. Wamepiga hodi, mwenyewe hayupo, neno lao ni neno, na Neema hana mume. Nikiitika, nimekwisha mimi. Nilifikiria fahari yangu ya miaka arobaini, toka koroboi mpaka madirisha ya vioo. Nikamfikiria binti yangu akirudi jioni na mkoba wake, akitazama uso wangu kujua kama wamekuja.

"Hodi mara ya tatu," akasema Mzee Mathayo. "Elia, umesikia mtu?"

"Sijasikia, baba."

"Basi tumejibiwa. Twende."

"Karibuni," nikasema.

Hatua zikakatika.

"Nani amesema?" akauliza mtu wa tatu, mshenga wao, ambaye baadaye nilimwona ni bwana mmoja mfupi.

"Mimi. Baba yake Neema. Karibuni, ingieni, kaeni kivulini."

"Uko wapi, bwana?"

"Nipo ndani."

Nikasikia viatu vinakwenda mlango wa nyumba.

"Siyo ndani hiyo," nikasema. "Rudini nyuma. Huku uani, kwenye kamba ya nguo."

Viatu vikarudi. Vikasimama. Mtu akagonga bati kwa kidole, kidogo, kama unavyopima chungu sokoni.

"Humu?" akasema mshenga.

"Humu."

Kisha nikasikia magoti yakishuka vumbini karibu na mlango, na sauti ya yule kijana, Elia, ya heshima kabisa: "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko Singida?"

"Hatujambo, baba."

(Huyo kijana amelelewa. Kuna watu hawaniamkii nikiwa nimekaa juu ya kiti.)

Mzee Mathayo hakuwa na shikamoo ya kunipa, tu rika moja. "Bwana Yohana," akasema, "nimekupigia kwenye kibanda pale stendi mara sita. Mara zote sita kuna mama anasema mteja hapatikani. Nikasema baba huyu, safari hii, ameajiri mwanamke wa kutukataa. Kijana ndiye aliyeshikilia tumpigie binti ofisini, akatukumbusha njia. Tumefika. Na sasa umejificha kwenye bati?"

"Sijajificha. Nimefungiwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Hapo mshenga alikohoa. Kikohozi kile kilikuwa na kicheko ndani, sisi watu wa bati tunajua sauti.

"Fungueni basi," nikasema. "Komeo hilo, mnalivuta tu kulia."

Hakuna aliyevuta. Nikasikia wananong'ona. Halafu Mzee Mathayo akaweka koo sawa, sauti ya barazani.

"Bwana Yohana. Hiki ni kihenge?"

"Ni kihenge."

"Cha nani?"

Nikaona tunapoelekea. "Cha mke wangu."

"Kwenu, mgeni anafungua kihenge cha mama wa watu?"

Mnajua ninyi nyote jibu. Kwetu hata mimi mwenye nyumba sifungui mpaka nimwambie. Mgeni akikigusa ni kama kasema nyumba hii ina njaa.

"Hata kwetu hafungui," akasema. "Na sisi bado ni wageni. Tulikuja kuposa, hatujajibiwa. Nikikigusa hiki leo, kesho utasema watu wa Singida walifika wakavamia chakula. Hewa ipo humo?"

"Ipo kidogo."

"Basi tuna muda."

Nikasikia anakaa. Nafikiri alikalia ndoo yangu mojawapo.

"Mama Neema yuko kanisani," nikasema. "Mwiteni."

"Atakuja. Sisi tulishawahi kukaa hapa mchana kutwa, kungoja tumekuzoea. Ila ipo njia nyingine. Mtu akishakuwa ndugu, kihenge cha nduguye anaweza kukifungua, mwenye nacho akaelezwa baadaye. Mshenga, nimekosea?"

"Hujakosea, mzee."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya leo wiki tatu. Nilikuwa niwaulize ukoo wao mpaka babu wa tatu. Nilikuwa nitulie kwanza, nitazame dari, niseme binti yangu anafanya kazi ya kompyuta, nitulie tena. Dari yenyewe ya kutazama ilikuwa hapo, bati tupu.

"Elia," nikasema.

"Naam, baba."

"Utamtunza?"

"Nitamtunza, baba." Akaongeza. "Na wewe pia tutakutunza."

Hilo la pili hakuambiwa aseme. Lilinigusa, nikashukuru giza.

"Basi nimewakubali. Mambo ya ng'ombe tutazungumza nikiwa nje."

"Rudia, mshenga asikie vizuri," akasema Mzee Mathayo.

"Nimewakubali."

Tak.

Mwanga ukaingia, na redio, niliyokuwa nimeiongeza mpaka mwisho, ikalipuka kwaya nzima usoni pao. Mshenga alirukia upande wa pili wa kuku. Mimi nikatoka kwa mikono na magoti, shati jeupe limejaa pumba, kwaya inaimba, wakwe zangu wamesimama mstari kunipokea. Kabla sijainuka redio ikakoroma, trrr-tiki-trrr, na simu ikaita mkononi.

Alikuwa Neema, yuko ofisini. "Baba, hupatikani tangu asubuhi. Wageni wako njiani. Tafadhali baba, usiwaache wakae."

"Wamefika."

"Umewapokea?"

Nikawatazama. Elia ananikung'uta pumba mgongoni, Mzee Mathayo ameshika koti langu la suti nilivae.

"Wamenipokea wao," nikasema. "Rudi nyumbani mapema. Mambo ni mazuri."

Akalia tena, lakini safari hii kilio cha namna nyingine.

Tukakaa, nikachemsha chai kwa mkono wangu. Mzee Mathayo akaniuliza, mbele ya kijana, nilikuwa natafuta nini mle. Nikasema kweli tupu: mionzi. Nikaeleza yote, mtaalamu, Bi Agnesi, sanduku, redio iliyonyamaza. Nilipomaliza hawakucheka. Mzee Mathayo akazungusha kikombe chake.

"Ilinyamaza kabisa?"

"Kabisa."

"Na sisi ulitusikia?"

"Neno kwa neno. Ndilo linalonisumbua. Sauti ya mtu imepita bati, ya redio imekataa."

"Haiwezekani," akasema. Akavua kofia, akachukua redio yangu, akaingia kwa magoti. "Funga."

Nikamfungia. Nikasikia kwaya imekatika. Kisha sauti yake, ya mtoto aliyeonyeshwa kitu: "Bwana Yohana. Kweli. Imekwenda wapi?"

Ndipo mke wangu akaingia getini, viti viwili kichwani, akamkuta mshenga amesimama, Elia amechuchumaa, mimi nimejaa pumba, na kihenge chake kinaongea.

Akateremsha viti polepole. "Nani yuko kwenye kihenge changu?"

"Mkwe wako," nikasema. "Ametukubali."

"Mkwe, karibu," akaliambia bati. Kisha akanigeukia mimi, kwa sauti ya chini. "Si nilikuuliza, na wakwe wakipiga?"

Alikuwa ameuliza. Saa nne ile, mwiko mkononi.

Bi Agnesi amepita jioni, ameniambia lile lakini lake mpaka mwisho, na nimelisikiliza nimekaa. Simu sasa iko dirishani, mbali na moyo, hilo halina ubishi. Sanduku Mzee Mathayo ameondoka nalo, anasema ataweka simu ya mwanawe aliyebaki Singida siku anazotaka kulala.

Wa kucheka najua mtacheka. Ombi langu ni moja: cheka ndani kwako, mlango umefungwa. Na kabla hujaufunga, angalia komeo liko upande gani.